KAZI ZA MIKONO: Ua la Uzi si Pambo la Bure

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yawafaa sana akina mama na vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambao wameishika kazi ya mafundo, iitwayo pia makrame. Susu za vyungu, mapazia ya mlangoni, mikoba na mapambo ya ukutani, vyote hivi vyaweza kufanywa kwa mikono miwili na uzi peke yake, pasipo cherehani wala moto wa umeme. Lakini mtu akizitazama kazi kumi zilizotundikwa pamoja, jicho lake hutua kwanza kwenye ile iliyotiwa ua. Na akilishika ua hilo likamfumukia mkononi, huondoka asirudi. Basi ua ndilo livutalo mnunuzi, na ua ndilo limfukuzalo.

Mtaa wa Tena wafaa kuwa mfano. Mtaa huu umepakana na Umoja na Donholm, na watu wake wametoka pembe zote za nchi: Ukambani, Uluyani, Ugikuyuni, Ujaluoni na pwani. Wengi wakaa katika nyumba za ghorofa zenye roshani nyembamba, ambamo hapana bustani, na maji ya bomba hayaji kila siku. Mahali kama hapo ua la kupandwa huhitaji udongo, jua na maji. Ua la uzi halihitaji lolote katika hayo. Laning'inia juu ya dirisha mwaka mzima, na kazi yake ni kupanguswa vumbi tu. Ndiyo sababu kazi hii imepata wapenzi katika mtaa usio na nafasi ya kupanda hata mche mmoja wa waridi.

ASILI YA KAZI HII

Wako wanaodhani kuwa makrame ni jambo geni lililoletwa na wageni juzi. Jina lenyewe lawakanusha. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kiarabu miqrama, yaani kitambaa au pazia lenye urembo. Kutoka kwa Waarabu na Waturuki ufundi huu ulifika Hispania na Italia. Mabaharia nao waliuchukua merikebuni, wakifunga mafundo ili kupitisha siku ndefu za safari. Uingereza iliupenda sana katika karne ya 19, na mwaka 1882 kilichapwa mjini London kitabu kilichofundisha kazi hii kwa mabibi wa nyumbani. Ukalala, ukaamka tena Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970, na kwa mara nyingine baada ya mwaka 2010.

Waswahili wa pwani wamekuwa na ufundi ulio ndugu wa huo tangu zamani. Matamvua ya kikoi hufungwa mafundo kwa mkono katika ncha za nguo ili uzi usifumuke. Susu iliyotundikwa darini kuwekea vyakula na vyombo, mbali na panya na paka, ni kazi ya kamba iliyo baba wa susu ya chungu cha maua ya leo. Na kwa upande wa maua, nani asiyekijua kikuba? Asumini, waridi, mkadi na rehani hufungwa pamoja kwa uzi, bibi akakivaa kwenye nywele au kifuani siku ya arusi. Hapana gundi katika kikuba. Ua hushikwa na uzi, na uzi hushikwa na fundo. Hilo ndilo somo la kwanza la maua yote yatakayoelezwa hapa.

Bara nako hakuna upungufu wa ufundi. Kina mama wa Kikamba na wa Kikuyu walisuka viondo kwa nyuzi za magome, mbuyu ukiwa mmoja wa miti hiyo, hata mkonge ulipoenea wakaingia katika katani. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vilabu vyake vilifundisha kushona na kufuma, na vitambaa vya kufuma vinavyofunika viti vimebaki katika sebule nyingi za Kenya hata leo. Tangu tarehe 28 Agosti, 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mikoba ya nguo na ya katani imeongezeka sokoni. Mkono uliozoea kiondo hauna shida kubwa kujifunza makrame.

VIFAA

Uzi wa pamba ndio bora kwa maua, kwa kuwa ni laini, hukazika vizuri na hukubali rangi. Unene wa milimita 3 wamfaa anayejifunza. Katani yafaa kwa ua kubwa la ukutani, lakini huchoma vidole, na haichanuki ikawa laini. Uzi wa nailoni ni imara na hauozi kwa maji, ila huteleza. Fundo lake hapana budi likazwe mara mbili, na ncha zake huunguzwa kidogo kwa moto ili zisifumuke. Kazi hiyo ya moto ifanywe na mtu mzima, mbali na watoto na mbali na pazia.

Asiye na fedha za kununua uzi mpya asikate tamaa. Fulana kuukuu ya pamba, kama zile zipatikanazo Gikomba kwa bei ndogo, yaweza kukatwa kwa mzunguko kuanzia chini kwenda juu ikatoa ukanda mmoja mrefu. Ukanda huo ukivutwa hujikunja wenyewe ukawa uzi. Ua la fulana halina ncha kali, na lafaa sana kwa kazi ya kujifunzia. Atakaye katani aitafute katika soko la Kariokor, mahali palipojulikana kwa muda mrefu kwa viondo na kazi za mikono.

Vifaa vingine ni vichache: mkasi mkali, futi ya fundi cherehani, pini, kipande cha ubao laini au boksi gumu, kitana, na sindano nene yenye tundu kubwa, ile iitwayo shazia. Mkasi butu ni adui wa kazi hii, maana hutafuna ncha za uzi badala ya kuzikata.

UA LA PETALI TANO

Ua hili ndilo la kujifunza kwanza. Kila petali, yaani kila kijani cha ua, hufanywa peke yake, kisha zote tano hukusanywa.

Kwa petali moja, zikatwe nyuzi mbili: uzi wa ndani wa sentimita 25, na uzi wa kufungia wa sentimita 80. Uzi wa ndani ubanwe wima juu ya ubao kwa pini mbili, juu na chini. Ncha ya uzi wa kufungia nayo ibanwe kando ya pini ya juu, sentimita 8 zikiachwa huru. Kisha uzi wa kufungia upitishwe juu ya uzi wa ndani, uzungushwe chini yake, utokezwe katika tundu uliloliacha wenyewe, uvutwe ukazike. Hiyo ni nusu ya fundo. Kwa nusu ya pili uzi upitishwe kwanza chini ya uzi wa ndani, urudi juu yake, uingie tena katika tundu lake, uvutwe. Nusu mbili hizo ni fundo moja kamili.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mtu akisahau nusu ya pili, akarudia ile ya kwanza tu, mafundo yataanza kuuzunguka uzi wa ndani kama ngazi ya mnara. Hiyo ni dalili ya hakika, na dawa yake ni kufungua mara moja hadi pale yalipoanza kuzunguka, wala si kuendelea kwa kutumaini kuwa yatajinyosha.

Mafundo kamili 12 yatosha petali moja. Yasukumwe yakaribiane, kisha yakunjwe katika duara, upande wenye vinundu ukae nje, na ncha zote nne zikutane chini. Zifungwe pamoja kwa uzi mwembamba. Petali ya kwanza iwekwe mbele ya macho, na nne zilizosalia zipimwe juu yake, kwa sababu petali moja ikizidi nyingine kwa mafundo mawili, ua zima huonekana kilema.

Petali zikiwa tano, vikonyo vyake vishikwe pamoja. Nyuzi sasa ni 20, na kikonyo ni kinene. Kwa hiyo nyuzi za ndani zikatwe kwa urefu mbalimbali ili kikonyo kipungue kuelekea chini, na nyuzi sita hivi za nje ziachwe ndefu. Ukatwe uzi mwingine wa sentimita 50, ukunjwe kitanzi kilichoelekea chini, ulazwe juu ya kikonyo. Ncha ndefu ya uzi huo izungushwe kuanzia juu kwenda chini mara sita, kila mzunguko ukikaa kando ya mwenziwe, kisha ipitishwe katika kile kitanzi. Ncha ya juu ivutwe mpaka kitanzi kizame ndani ya mizunguko. Fundo hilo hushikwa na mkazo wake wenyewe, na halihitaji gundi. Mwisho petali zifunuliwe kwa vidole, na katikati patiwe shanga moja kubwa, au kifundo cha uzi wa rangi nyingine.

WARIDI NA MAJANI YAKE

Waridi ni rahisi kuliko lionekanavyo. Nyuzi sita za sentimita 65 zisukwe kama nywele, mbili mbili, katika mikili mitatu, mpaka upatikane ukili wa sentimita 50 hivi. Mwanzo wa ukili ukunjwe kwa kubana sana, kisha uzungushwe juu yake wenyewe, na kila mzunguko ushonwe chini kwa shazia kabla ya kuanza mwingine. Kadiri mizunguko inavyokwenda nje, ndivyo ilegezwe, maana waridi la kweli limefumba katikati na kufunuka pembeni. Mwenye kutaka kuhakikisha na atazame waridi moja kwa makini; Kenya huuza maua hayo ng'ambo kwa wingi kutoka mashamba ya Naivasha, na hapana mwalimu wa umbo aliye bora kuliko ua lenyewe.

Majani hufanywa kwa uzi wa pamba uliosokotwa mkondo mmoja. Uzi wa sentimita 30 ukunjwe mara mbili uwe mshipa wa jani. Vipande vya sentimita 12 vifungwe juu yake kwa jozi, kimoja kikitoka kushoto na kimoja kulia, mpaka jozi kumi zikae zimebanana. Kisha vyote vichanwe kwa kitana mpaka viwe kama manyoya, na vikatwe kwa mkasi kufuata umbo la jani. Ikiwa jani lalegea, lipakwe wanga mwepesi kwa nyuma, likauke likiwa limelazwa. Wanga usiwe mzito, kwa kuwa huacha unga mweupe na huwaita mende.

KULITIA UA KATIKA KAZI

Sasa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mtu hufanya susu nzuri kwa siku nzima, kisha hubandika ua kwa tone la gundi, akaipeleka sokoni. Jua la dirishani hukausha gundi, upepo hutikisa chungu, na baada ya muda ua huanguka. Mwenye nyumba halilaumu jua. Humlaumu aliyemwuzia.

Njia iliyo sawa ni hii: zile nyuzi sita za kikonyo zipitishwe katikati ya mafundo ya kazi yenyewe mpaka nyuma, tatu kwa upande huu na tatu kwa upande ule. Huko nyuma zifungwe mara mbili juu ya uzi mnene wa kazi, kisha kila ncha ishonwe kwa shazia ndani ya mafundo jirani kwa urefu wa sentimita 3, ndipo ikatwe. Jaribio lake ni jepesi. Kazi ishikwe kwa ua peke yake, itikiswe. Ikiwa ua halikusogea, kazi iko tayari kuuzwa. Ikiwa limesogea, lirudiwe.

Pahali pa ua pachaguliwe vema. Kwenye susu, ua likae pale nyuzi zinapokutana, juu au chini ya chungu, lakini si ubavuni ambapo chungu kitalisugua. Kwenye mkoba likae mbele, juu ya katikati, mbali na mkono unaposhika. Maua matatu yatosha kazi ya ukutani ya kadiri. Yakizidi sana, mafundo hayaonekani tena, na aliyekuja kutazama makrame huona kichaka.

Rangi nayo ijaribiwe kabla. Uzi mwekundu na wa zambarau huweza kuchuja. Kipande kilowekwe maji, kibanwe katika kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, uzi uoshwe mpaka uache kuchuja, la sivyo ua litaichafua kazi nyeupe siku ya kwanza itakapofuliwa. Mnunuzi aambiwe pia namna ya kufua: maji baridi, sabuni kidogo, kwa mkono, na kuanika kivulini.

HESABU YA UA

Wako mafundi wengi ambao mikono yao ni mizuri na hesabu yao ni mbaya. Mnunuzi husema, "Mama, susu nimeikubali, na hilo ua niongezee tu," naye fundi kwa haya akakubali, akidhani kuwa ua ni kitu kidogo. Na apime.

Petali moja hula sentimita 105 za uzi. Petali tano ni mita 5 na robo. Ukiongezwa uzi wa kufungia vikonyo na wa kikonyo kikuu, ua moja lakaribia mita 6. Maua matatu ni mita 18. Tuseme, kwa mfano wa kupigia hesabu tu, kuwa susu yenyewe imekula mita 40, na uzi wa mita 100 umenunuliwa kwa shilingi 1,000. Mita 58 ni shilingi 580. Pete ya mti na nauli ya kwenda sokoni ni shilingi 120. Jumla ya vitu ni shilingi 700. Kuhusu kazi, susu imechukua saa 3, na kila ua dakika 40, yaani saa 2 kwa maua matatu. Ikiwa fundi ameiwekea saa yake thamani ya shilingi 100, kazi ni shilingi 500. Gharama yote ni shilingi 1,200.

Katika fedha hizo, maua matatu peke yake yamechukua shilingi 180 za uzi na shilingi 200 za kazi. Hizo ni 380, karibu theluthi moja ya gharama yote. Mwenye kulitoa ua bure ametoa theluthi ya susu bure. Na yule aliyeiuza susu hiyo kwa shilingi 800, kwa kuwa jirani auza yenye maua ya plastiki kwa bei hiyo, amebakiwa na shilingi 100 kwa saa 5, yaani shilingi 20 kwa saa. Jioni huona noti mkononi akadhani amepata faida, na kesho hana fedha ya kununua uzi mwingine. Hivyo ndivyo kazi nyingi za mikono zinavyokufa: wanunuzi wapo, lakini fundi ameula mtaji wake pasipo kujua.

Dawa si kupigana na plastiki kwa bei, maana vita hiyo haishindwi na mkono. Fundi na awe na bidhaa mbili. Moja ni susu isiyo na ua, au yenye waridi moja dogo, kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo. Ya pili ni ile yenye maua matatu, kwa bei yake kamili na faida juu yake. Mnunuzi akiomba kupunguziwa, apewe ile ya kwanza. Bei ya saa ya fundi isiguswe. Na daftari la kurasa chache litunzwe, lenye safu tatu: uzi, saa, na bei. Mwezi mmoja wa kuandika huonyesha wazi ni kazi ipi ilishayo na ni ipi ilayo.

Akina mama walio katika chama cha kuchangiana waweza pia kugawana kazi. Mmoja afunge petali tu, mwingine asuke mawaridi, wa tatu afunge susu, na mwenye jicho kali aunganishe na kufanya lile jaribio la kutikisa. Petali zitokazo mkono mmoja hulingana, na shughuli kubwa, kama mapambo ya arusi, yaweza kukamilika kwa wakati. Ila makubaliano ya ugawaji wa fedha yaandikwe kabla ya uzi wa kwanza kukatwa, wala si baada ya fedha kufika.

Kwa ufupi, ua la uzi lataka mambo matatu: mafundo yaliyohesabiwa, kikonyo kilichofungwa ndani ya kazi, na bei isiyomdhulumu aliyelifanya. Likiyapata hayo, litakaa dirishani miaka mingi, na kila mgeni atakayeliona atauliza lilikofanywa. Hapo methali ya wahenga itakuwa imetimia, na fundi hatakuwa na haja ya kujitembeza.